Mtungi wa Akiba

11 Februari

Mdogo wangu,

Meneja wa uzalishaji alitamka jana, mbele ya zamu nzima, kwamba mtungi wako unapitisha nusu tu ya haidrojeni uliyotuahidi. Nimeanza na hilo ili usije ukasema nililificha chini ya salamu.

Sasa salamu. Hatujambo. Mama hajambo, ila goti la kushoto linamsumbua akipanda ngazi, na ile dawa ya kuchua uliyomtumia anasema inanuka kama duka la rangi. Anaitumia hata hivyo kwa kuwa imetoka kwako. Shemeji yako anauliza kama kile kitabu chake cha umeme bado unakisoma au umekigeuza mto. Mama anauliza kila wiki kama tunaandikiana. Tangu tulipokatiana simu mwezi wa kumi na mbili ameamua kwamba simu sisi wawili hatuiwezi, na kwamba kwenye karatasi angalau mtu anamsubiri mwenzake amalize sentensi. Mimi na Mama hatubishani.

Turudi kwenye mtungi. Nakueleza ilivyo, bila chumvi.

Kazi yetu unaijua. Tunaunganisha haidrojeni na nitrojeni kupata amonia, na amonia inakwenda kutengeneza mbolea. Kuna gesi ambayo lazima itolewe muda wote, la sivyo uchafu unajaa kwenye mzunguko, na gesi hiyo inatoka na haidrojeni nzuri ambayo tumeitolea jasho. Miaka yote tumeiunguza juu ya bomba, moto unaoonekana mpaka sokoni. Ukaja wewe na mitungi miwili kutoka taasisi yenu ya utafiti. Ndani yake nyuzi za polima, nyembamba kama nywele na tupu katikati, ukuta wa kila uzi ukiwa ni utando unaoruhusu haidrojeni ipenye kwa sababu ni ndogo, na kuzuia gesi kubwa. Nilikudhamini. Nilimwambia meneja, "Huyu ni mdogo wangu, lakini namba zake si za undugu." Maneno hayo ananirudishia kila asubuhi kama chenji.

Mtungi wa kwanza tuliufunga Novemba, siku ileile uliposhuka kwenye gari. Wiki ya kwanza watu walikuja kuangalia geji kana kwamba kuna mtoto amezaliwa. Kisha mtiririko ukaanza kushuka, kidogo kidogo, kama mtu anayeondoka kwenye sherehe bila kuaga. Sasa ni nusu. Presha hatujaigusa. Joto ni lilelile. Usafi wa haidrojeni inayotoka umepanda, sijui kwa nini, na sitaki pongezi kwa hilo. Usafi haujazi tangi.

Mtungi wa pili, ule wa akiba, uko stoo ndani ya karatasi yake ya fedha, haujaguswa. Nilimkuta mtunza stoo ameufanya meza ya vikombe vya chai. Nikamfokea. Akanijibu, "Mama Zamu, kitu chenyewe hakifanyi kazi, acha kitusaidie."

Swali ni moja: mtiririko unashuka kwa nini? Nijibu kwa sentensi moja. Najua sentensi moja kwako ni ukurasa, lakini jaribu.

Dada yako

4 Machi

Dada, shikamoo.

Barua imefika ikiwa na alama ya kiatu cha mtu, lakini inasomeka. Sisi wazima. Wifi yako amehamishiwa kliniki ya meno, kwa hiyo siku hizi nikipiga miayo ananikagua. Mtoto ameng'oka jino la mbele na anapiga mluzi bila kukusudia. Mwambie Mama dawa ya kuchua haikutengenezwa inukie. Kitabu cha shemeji kipo, kiko salama, mwambie asiwe na pupa.

Usafi umepanda! Dada, hujui umeniandikia nini. Nilimsomea mkurugenzi wetu sentensi hiyo akaniomba niirudie. Kuna watu wana maabara mara tatu ya yetu na hawajapata usafi wa namna hiyo kwa gesi halisi ya kiwandani. Ameniagiza niiwasilishe kwenye mkutano wa watafiti, na naondoka keshokutwa. Kuna kampuni itakuwepo ambayo huenda ikanunua teknolojia yote.

Kuhusu mtiririko. Kila fungu la nyuzi linalotoka kwetu linapimwa, na kila moja limetoa namba niliyokupa. Kwa hiyo tatizo haliko kwenye utando, liko kwenye kile kinachoufikia. Sababu ya kawaida ni mafuta ya kompresa. Mvuke wake ukipita chujio unatanda juu ya nyuzi kama mafuta juu ya mchuzi uliopoa. Ningekuwa huko, ningeuliza kwanza nani anaitunza kompresa na chujio lilibadilishwa lini.

Nimeyaandika hayo pia kwenye karatasi ya taasisi na kuyagonga mhuri, ili meneja wako aone kwamba tunalichukulia kwa uzito. Barua zote mbili nazitia bahasha moja.

Sentensi yako hii hapa: ni mafuta.

Mdogo wako

25 Machi

Mdogo wangu, marahaba.

Goti la Mama limepungua maumivu. Hiyo ndiyo habari njema pekee niliyo nayo. Imalize kwanza ndipo uendelee.

Bahasha yenye nembo ya taasisi hapa kwetu inafunguliwa masjala. Meneja ameisoma barua yako yenye mhuri kabla yangu. Ameisoma na ile uliyoniandikia mimi kwenye karatasi ya daftari, pamoja na jino la mtoto. Akaniita ofisini.

"Nani anaitunza kompresa?"

"Unamjua."

"Namjua. Nataka umtaje wewe."

Ni Bwana Tambara. Tumempa jina hilo kwa sababu hatembei bila kitambaa mfuko wa nyuma. Akipita mahali anafuta, hata pasipo pake. Aliwahi kumfuta mgeni wa wizara tai yake. Si malaika. Anabisha, anachelewa kurudi kutoka chakula cha mchana, na ana jibu kwa kila kitu, hata kabla ya swali. Lakini kumwambia mtu huyu kwamba kompresa yake inavuja mafuta ni kama kumwambia ametoka nyumbani bila suruali.

Ameondolewa kwenye zamu. Anafagia uwanja wa magari akisubiri kikao cha nidhamu, na kikao kikimkuta na kosa anafukuzwa. Meneja ameibandika barua yako ubaoni, na mstari wa mafuta ameupigia rangi ya njano.

Chujio nimelifungua mimi mwenyewe, pamoja na fundi wa vipimo. Kavu. Nimepitisha karatasi nyeupe ndani ya bomba linalotoka kwenye chujio, imetoka nyeupe. Nikampelekea meneja karatasi. Akaigeuza huku na huku, akasema, "Mvuke hauonekani kwa macho. Mdogo wako kaandika mvuke." Ona ulichofanya. Umempa neno ambalo hakuna wa kulikanusha.

Jana Tambara alinisubiri getini, fagio mkononi.

"Mama Zamu, huyo ndugu yako amewahi kuniona?"

"Hapana."

"Ameiona kompresa yangu?"

"Hapana."

"Basi ana macho marefu. Mwambie aangalie na mke wangu huko nyumbani kama ameshapika."

Nilicheka peke yangu. Yeye hakucheka.

Ninachotaka ni barua nyingine yenye mhuri, isemayo hamjathibitisha kwamba ni mafuta. Basi. Sikuombi useme mmekosea. Nakuomba useme hamjui, neno ambalo halijawahi kumuua mtu.

Dada yako

29 Aprili

Dada, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa. Mkutano ulikwenda vizuri kuliko tulivyotegemea. Ile kampuni imeleta watu wake mara mbili, na mkurugenzi amenunua tai mpya. Wifi yako anasalimia. Mtoto anasalimia kwa mluzi. Mwambie shemeji kitabu chake nakiletea mwenyewe nikija.

Naona umenikasirikia, lakini soma tena nilichoandika. Sikuandika Bwana Tambara. Niliandika mafuta. Meneja wako ndiye aliyefika kwa mtu.

Barua unayoitaka siwezi kuitoa sasa. Kila karatasi yenye mhuri inapita kwa mkurugenzi, na mkurugenzi hataki neno "hatujui" litoke mlangoni wakati kampuni inasoma mkataba. Vumilia kidogo.

Unadhani nimekaa kwenye kiti cha kuzunguka nikitia watu matatani. Njoo uone tunavyofanya kazi. Nyuzi tunazivuta asubuhi, tunazikausha, tunazipima mchana, kwa sababu chombo cha kupimia ni kimoja na makundi ni manne, tunakigombania kama bafu la nyumba ya kupanga. Ukipitwa na zamu yako, imekula kwako. Na kila Ijumaa mkurugenzi anapita na ndoo. Chochote kilichobaki mezani kinaingia humo, anasema meza chafu ni akili chafu. Ameshanitupia mkate, mswaki, na fungu la nyuzi nililokuwa nimelipenda kweli. Kwa hiyo usinionee wivu.

Jambo moja la mwisho. Ule mtungi wa akiba usiufungue. Uache ulivyo mpaka nitakapokuambia.

Mdogo wako

17 Mei

Mdogo wangu, marahaba.

Mama hajambo na anauliza utakuja lini. Shemeji yako anasema kitabu ukilete au usikilete, yeye ameshajifunza umeme kwa kupigwa nao.

Uliniambia nisiufungue mtungi wa akiba. Nimeufungua.

Nimeufungua mbele ya meneja, fundi wa vipimo na mtunza stoo, ambaye aliondoa vikombe vyake mwenyewe na kuufuta vumbi kwa heshima zote. Karatasi ya fedha ilikuwa nzima, gundi yenu haijaachia. Tukauondoa mtungi wa kwanza, tukaufunga huu mahali pake. Gesi ileile, presha ileile, joto lilelile. Kila mtu akakodolea geji macho.

Nusu.

Nilidhani geji imekwama. Fundi akaigonga kwa kidole. Nusu. Akabadilisha geji akaleta nyingine. Nusu. Usafi ukawa juu, kama ule wa kwanza, hata ungesema ni mapacha.

Sasa nifuate polepole. Mtungi huu haujaonja gesi tangu utoke kwenu. Haujaonana na kompresa hata kwa mbali. Bwana Tambara haruhusiwi kuingia stoo. Kama kuna mafuta humo, yameingia kwa ndoto.

Nikamgeukia meneja nikitegemea aseme jambo la maana. Akamnyooshea mtunza stoo kidole, akasema, "Vikombe vya chai."

"Vimefanya nini?" nikauliza.

"Joto. Joto la chai limepenya."

Mtunza stoo akasema, "Bosi, mimi chai nakunywa imepoa. Sukari inanikera ikiwa moto."

Naye ameandikiwa kosa. Kikao kitakaa tarehe 10 Julai, saa tatu asubuhi, ukumbi wa utumishi, na ajenda sasa ina watu wawili. Ukiniandikia barua nyingine kama zile watakuwa watatu, na wa tatu nitakuwa mimi.

Nimerudi kuisoma barua yako ya mwisho, ile sehemu uliyodhani unalalamika tu. Mnavuta nyuzi asubuhi. Mnazipima mchana. Ijumaa inapita ndoo. Nakuuliza swali ambalo fundi wa vipimo ameniuliza: utando mzee kuliko wote mliowahi kuupima ulikuwa na umri gani? Maana kwa hesabu yangu, taasisi nzima, mkurugenzi na tai yake, hamjawahi kupima kitu kilichoiona Jumamosi.

Na pia: kwa nini ulinikataza nisiufungue?

Dada yako

3 Juni

Mdogo wangu,

Wifi alimpigia Mama simu juzi na kwa bahati akasema barua yangu ulishaipata, uliisoma ukiwa umesimama jikoni, na ukaenda kuosha gari lililokuwa safi.

Bwana Tambara bado anafagia. Uwanja wa magari haujawahi kuwa safi namna hii. Jibu.

Dada yako

9 Juni

Dada, shikamoo.

Wifi yako mzima. Mtoto ameota jino jipya, mluzi umekwisha, nyumba imetulia kupita kiasi.

Nakujibu. Tando tulizokuwa tunapima zilikuwa za siku hiyohiyo. Zote.

Hili ndilo jambo lenyewe. Polima yetu ni ngumu, inaganda kama kioo. Ikikauka haraka, inaganda na nafasi ndogondogo nyingi ndani yake, kama watu walioingia kwenye chumba mbiombio na kukaa hovyo. Muda ukipita, wanajisogeza, wanajibana, nafasi zinapungua. Haidrojeni bado inapita, ila kwa taabu. Zile gesi kubwa ndiyo zinashindwa kabisa, ndiyo maana usafi unapanda. Haihitaji mafuta wala gesi wala chai. Inahitaji kukaa tu. Vitabuni imo, lakini waliopima walipima tando nene, na kwa hizo huchukua miaka. Ukuta wa nyuzi zetu ni mwembamba mno. Umechukua majuma.

Barua yako ya karatasi nyeupe ilinikosesha raha. Baada ya kuisoma nilianza kuficha nyuzi kabla ndoo haijapita. Naziweka kwenye bati la biskuti la wifi yako, juu ya kabati, na kila Jumatatu nawahi chombo kabla wenzangu hawajafika, najiandikisha kwamba napima mpya. Namba inashuka, inafika nusu, halafu inatulia hapohapo. Kufikia mwisho wa Aprili nilikuwa na majibu ya kutosha. Nilikukataza usiufungue mtungi wa akiba kwa sababu nilijua utakuta nini, na nilitaka kumaliza na mkurugenzi kwanza.

Nimemaliza naye. Nilimwekea bati mezani. Akauliza, "Kwa nini hivi havikuingia kwenye ndoo?" Hilo ndilo swali lake la kwanza. La pili lilikuwa kama nimemwambia mtu mwingine. Mhuri hatoi mpaka kampuni isaini, na kampuni itasaini Agosti.

Nimeandika maelezo kwa mkono wangu, na jina la kazi yangu na saini. Yamo humu. Mhuri hayana. Yafikishe kikaoni.

Mdogo wako

24 Juni

Mdogo wangu, marahaba.

Mama anakusalimu. Goti limepona kabisa na anasema ni kwa sababu dawa imekwisha.

Ulijua Aprili. Nimeirudia sentensi hiyo nikitafuta mahali pa kuiwekea adabu, sijapapata. Mei nzima, mpaka Juni, mtu anafagia vumbi kwa sababu ya mstari wako uliopigiwa rangi ya njano, na wewe una jibu ndani ya bati la biskuti, juu ya kabati. Tuliache hapo, kwa sababu nikiendelea Mama atajua kwamba hata karatasi tumeishindwa.

Na kitu kinachoniudhi kuliko vyote ni hiki. Nusu yenyewe si mbaya. Nimekaa na fundi wa vipimo tukapiga hesabu. Ungesema nusu tangu mwanzo, tungeagiza mitungi minne, miwili ya kazi na miwili ya akiba, moto wa kwenye bomba ungekuwa mdogo kama wa jiko la mafuta, na meneja angekupigia makofi. Kilichotuangusha ni namba ya siku ya kwanza, ambayo haikuwa ya uongo, ila ilikuwa ya siku moja.

Maelezo yako nimempelekea meneja. Ameyageuza nyuma, akayainua kwenye mwanga wa dirisha.

"Mhuri uko wapi?"

"Hayana."

"Basi hii ni barua ya mtu na dada yake."

Nikaenda kwa katibu wa kikao, yule mama wa utumishi anayevaa miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani. Ameyasoma yote, taratibu, kisha akaniambia: kikao hakipokei karatasi isiyo na mhuri ikashindana na karatasi yenye mhuri wa taasisi ileile. Lakini kinapokea mtu. Aliyeandika barua ya kwanza akija mwenyewe, na kitambulisho, akasema anaifuta, yanaandikwa na yanahesabiwa. "Mtu anaweza kuulizwa maswali," akasema. "Mhuri huwezi kuuliza."

Nilimsomea Mama habari hizi zote. Alimaliza kwanza kukunja nguo. Kisha akasema, "Simu wameishindwa, karatasi wameishindwa, kimebaki kiti. Mwambie aje akae."

Nimemweleza Bwana Tambara kwamba huenda ukaja. Ameuliza una urefu gani. Sijui ni kwa ajili ya nini, lakini nimemtajia.

Tarehe unaijua. Sikubembelezi.

Dada yako

3 Julai

Dada, shikamoo.

Barua hii nampa dereva wa gari la vifurushi ili initangulie. Wifi yako na mtoto wazima. Nilipomwambia wifi yako ninachotaka kufanya, alisema, "Hatimaye nitapata bati langu." Nikamwambia bati naondoka nalo. Leo ndipo tumeanza kuzungumza tena.

Likizo niliomba. Mkurugenzi hakukataa. Aliniuliza tu kama nimefikiria kampuni itasemaje ikisikia, na kama nimefikiria ofisi hii mwaka ujao itakuwa na viti vingapi. Nikamwambia nimefikiria. Kadi yangu ya mlangoni nimeiacha mezani, katikati, peke yake. Meza ni safi. Nadhani hiyo itaingia kwenye ndoo Ijumaa.

Naja na nyuzi za umri mbalimbali, kila fungu na tarehe yake, na namba za kila moja. Fundi wenu wa vipimo azipime mwenyewe mbele ya kikao, asiniamini mimi. Nitasema barua ya Machi niliiandika bila kujua, nikaiacha ubaoni nikiwa najua. Yote mawili yaandikwe. Halafu, wakinipa nafasi, nitazungumza habari ya mitungi minne.

Usije stendi kunipokea. Utaanza kunigombeza mbele ya watu na mizigo. Nitakuja nyumbani mwenyewe. Mwambie shemeji kitabu chake nimekiweka kwenye begi kabla ya nguo. Mwambie Mama kwamba lile bati atakaloliona mkononi mwangu halina biskuti, na asilifungue.

Mwambie Bwana Tambara akae mstari wa mbele, na kitambaa chake. Nataka tupitishe karatasi nyeupe kwenye bomba la kompresa yake nikiwepo, na safari hii niishike mimi.

Nafika tarehe 9 jioni. Kikao ni tarehe 10, saa tatu.

Mdogo wako